Jozi Moja ya Buti

Chama kilinunua buti jozi moja, Moshi mjini,
elfu kumi na nane, saizi kumi na moja,
maana saizi nyingine zilikuwa zimekwisha.
Mimi ndiye katibu. Risiti ninayo.

Swali la thelathini na mbili linasema:
Je, mkulima huvaa viatu vya kinga anapopiga dawa?
Jibu ni Ndiyo au Hapana.
Hakuna kisanduku cha Tunaazimana.

Basi Jumanne, mkaguzi alipopanda Uru
na kishikwambi kifuani
kama padri apelekaye komunyo kwa mgonjwa,
buti zilikuwa zimeshatangulia.
Kwa Leokadia zilisimama mlangoni, zinang'aa, juu ya gunia.
Akapiga picha. Akabonyeza.
Nikamwongezea chai,
nikauliza habari za Dodoma, za mkewe, za foleni,
huku nyuma ya nyumba Filbeti wa darasa la tano
anakata migombani, buti kwapani,
anaruka mfongo, anapita kwa akina Mallya bila hodi
hadi kwa Apolinari.

(Swali la kumi na tisa: Je, watoto hutumikishwa?
Hapana, nilijibu. Filbeti alikuwa anakimbia tu.)

Kwa Apolinari, Ndiyo.
Kwa mjane wa Teofili, Ndiyo,
ingawa buti ya kushoto ilisimama kulia.

Wenye kitabu hiki cha maswali sijawahi kuwaona.
Si serikali. Serikali naijua, ina mhuri na mgambo.
Hawa hawana mgambo, wana duka,
mahali fulani penye baridi,
na mtu anayegeuza pakiti ya kahawa
atafute jani dogo la kijani kabla hajaitia kapuni.
Kwa ajili ya jani hilo choo chetu kina mlango wa bluu,
mlango una kufuli,
na ufunguo nimeuvaa shingoni mwezi mzima
kisije kikachafuka.

Nilipofika kwenye maji, kalamu ilinigomea.
Je, kuna mpango wa maandishi wa kugawana na kutunza maji?
Mfongo wetu una zamu: leo ukoo huu, kesho ule,
na ukifungulia usiku maji yasiyo yako
utalipa mbege, na utakaa uwatazame wakiinywa.
Siku ya kuzibua, hata mwalimu mkuu hushika jembe.
Lakini maandishi?
Nikajibu Hapana.
Siku ile nzima, hilo ndilo swali moja
ambalo Ndiyo yake ingekuwa kweli.

Shamba la tano, mvua.
Buti zilitukuta dakika moja tu kabla,
tope bichi hadi kwenye kisigino,
na nyuma ya mti wa kahawa mtu mdogo anahema.
Mkaguzi akainama. Akagusa tope.
Akatazama viatu vyake mwenyewe,
cha kulia kimeachama kidoleni.
"Hizi buti," akasema, "zinatembea sana."
Akabonyeza Ndiyo.
Sikumshukuru. Hatukutazamana mpaka garini.

Cheti kilikuja Julai. Tukakitia fremu.
Nyongeza ilikuwa shilingi mia mbili kwa kilo,
toa ada ya cheti,
toa mafuta ya gari la mkaguzi,
toa fremu.
Leokadia alihesabu mara mbili, akafunga kwenye pindo la kanga
kitu kilichotosha chumvi na kiberiti.

Buti zipo ofisini, chini ya cheti.
Juzi nimemkuta Apolinari anapiga dawa na kandambili,
bomba mgongoni, mguu umelowa mpaka gotini.
Nikaenda nikamletea.
Akatia mguu ndani,
akauzungusha humo taratibu kama mwiko
kwenye sufuria ya wageni ambao hawajafika,
akautoa,
akanirudishia.